Msamaha na Mahakama

Miaka kadhaa iliyopita, jioni moja baada ya mazoezi ya kwaya, mama mmoja alitufuata katika ofisi ya usharika, tukiwa pamoja na wazee wawili wa kanisa. Binti yake alikuwa akicheza netiboli katika timu ya vijana. "Baba Mchungaji," alisema, "yule mwalimu wa timu anampigia mwanangu simu usiku. Mtoto hataki tena kwenda mazoezini."

Hatukumwita mwongo. Tulimwombea. Kisha tukamwambia maneno ambayo hata leo yanatuchoma: "Mama, tuyamalize haya nyumbani. Tusimchafulie mtu jina."

Mwalimu yule alikuwa mtu wa kujitolea. Alinunua jezi kwa fedha zake, na timu yake ilituletea kombe. Alipohamia mji mwingine tulimwandikia barua nzuri ya utambulisho. Binti hakurudi uwanjani, na baadaye hakurudi kanisani.

Mwaka 2018, tukifundisha maadili katika chuo cha theolojia, tulijadili na wanafunzi kesi ya Larry Nassar. Huyu alikuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani na wa Chuo Kikuu cha Michigan State. Kwa miaka mingi aliwadhulumu wasichana kwa kisingizio cha tiba. Mwezi Januari mwaka ule zaidi ya wanawake 150 walieleza mahakamani madhara waliyoyapata, naye akahukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175.

Kilichotunyamazisha darasani ni kwamba baadhi yao walikuwa wamesema mapema. Mwaka 2014 mmoja alilalamika; chuo kikachunguza, kisha kikamwacha daktari aendelee na kazi. Kwa hiyo sheria haikuishia kwa mtenda peke yake. Rais wa chuo alijiuzulu, na chuo kikakubali kuwalipa waliodhulumiwa dola milioni 500. Waliosikia nao waliulizwa walifanya nini.

Wa mwisho kusimama mahakamani alikuwa Rachael Denhollander, aliyejitokeza hadharani mwaka 2016. Ni Mkristo. Alimwambia Nassar kwamba anamsamehe, na papo hapo akamwomba hakimu atoe adhabu kubwa kadiri sheria inavyoruhusu. Mwanafunzi mmoja akainua mkono: "Mchungaji, inawezekanaje kumsamehe mtu na kumwombea kifungo?"

Tulimjibu kwa mafundisho yetu ya Kilutheri. Mungu hutawala kwa namna mbili. Kwa Injili humsamehe mwenye dhambi. Kwa serikali humlinda mnyonge. Msamaha wa madhabahuni haumwondolei mtu kesi yake, wala hukumu ya mahakama haimzuii kutubu. Tukaongeza kwamba amri ya nane inalinda jina la jirani dhidi ya uongo na umbeya, lakini haikutolewa ili kumficha anayewaumiza watoto. Luther mwenyewe, katika Katekisimo Kubwa, anataka uovu upelekwe kwa wenye mamlaka badala ya kunong'onwa mitaani.

Tulipokuwa tukisema hayo, tulimwona yule mama mbele yetu. Sisi tulikuwa tumeitumia amri hiyo hiyo kumfunga mdomo.

Tulimtafuta, tukamwomba radhi. Hakutugombeza. Aliuliza jambo moja tu: "Sasa yule anafundisha wapi?" Hatukuwa na jibu. Siku ya pili tulikwenda naye polisi, dawati la jinsia na watoto, tukaandikisha maelezo. Tuliandika pia kwa usharika tuliompelekea mwalimu yule, tukaifuta barua yetu ya awali. Hatukuwa mahakimu wake. Kuchunguza si kazi yetu. Kazi yetu ilikuwa kusema, nasi tulichelewa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya nchi yetu inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa anapojua haki ya mtoto inavunjwa. Mchungaji hakusamehewa wajibu huo, wala mzee wa kanisa, wala mwalimu wa timu inayoshinda.

Wapendwa, mtoto akikataa ghafla kwenda mazoezini, au kwaya, au kipaimara, tusianze kwa kumkemea. Tumwulize kwa upole, tumsikilize hadi mwisho, kisha tuamke twende naye. Maombi tutayafanya njiani.