Barabara Ina Ncha Mbili

Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba kila Jumamosi jioni unakutana na wenzako wanne kucheza mchezo usio na bodi, skrini wala mshindi, atakuuliza maswali mawili. Kwanza, kwani ni wa pesa? Pili, ni mambo ya kanisa? Ukijibu hapana mara zote mbili, unaona uso wake ukifunga duka.

Basi nieleze polepole. Mmoja wetu ni msimulizi. Yeye ndiye anayeujua ulimwengu wenyewe: milima iko wapi, nani anamdai nani, mto gani haunywewi usiku. Wengine, kila mtu ana mhusika wake, na kupitia mhusika huyo anaweza kujaribu lolote. Msimulizi anasema mmefika darajani, kuna mwanamke ameketi katikati anachambua mchele. Mnafanya nini? Jambo likiwa na mashaka, dadu zinaamua. Ni hivyo tu. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na tangu hapo watu wananunua vitabu vizito vya majumba ya mawe na theluji. Mimi theluji sijawahi kuiona. Zimwi nalijua, ila la kwetu halilalii dhahabu.

Dadu yao maarufu ina pande 20. Sisi tulianza bila hiyo na mpaka leo hatuna. Tulichomoa mbili kwenye seti ya ludo, na nimekuja kuzipenda. Dadu ya pande 20 haina tabia; moja, kumi na ishirini zote zina nafasi sawa. Mbili za ludo zina njia 36 za kuanguka: saba inakuja kwa njia 6, kumi na mbili kwa njia moja pekee. Kwa hivyo siku nyingi katika ulimwengu wangu ni siku za saba. Mambo yanaenda nusu nusu, unashukuru, unalala.

Ulimwengu wenyewe unaitwa Njia. Hauna mfalme. Una barabara moja kutoka baharini hadi mji wa mpakani unaoitwa Mwisho, na juu yake wanapita kobe wakubwa kama nyumba, wakibeba mizigo. Kila kobe ana dereva na taniboi. Kobe akichoka anaingiza kichwa ndani, na hata mumwombe vipi hatoki. Mnapika, mnasukana nywele, mnagombana, siku tatu zinaisha. Halafu kuna Mizani. Mizani ni jini. Hapimi kilo, anapima kile ambacho hujakisema. Ukipita na siri, kobe wako anaanza kuzama kwenye lami mpaka uitoe.

Haya yote nilianza kuyachora nikiwa darasa la nne, kwenye daftari la hesabu la viboksi. Baba alikuwa dereva wa trela, Mombasa hadi Malaba, na mara nyingine anavuka hadi Kampala. Sisi tulikuwa Changamwe. Kila usiku alimpigia Mama, na Mama aliweka simu mezani ili sote tusikie. Niko Mtito. Niko Salgaa. Leo tuko Gilgil, mizani imetushika. Kwa miaka mingi nilidhani mizani ni mnyama. Ana mikono, anashika watu, na ukitaka akuachilie lazima umpe kitu. (Nilipokuwa mkubwa nikaelezwa mizani ya malori ni nini. Sikuona kwamba nilikuwa mbali sana.)

Baba alifariki kwa sukari nikiwa kidato cha tatu. Madaftari yakabaki. Nilipohamia Umoja kwa kazi nilikuja nayo, matatu, na kumfungulia mtu mwingine kurasa zile kulinichukua mwaka mzima. Si aibu. Ni kwamba ulimwengu ukiwa wako peke yako hakuna anayeweza kuuliza choo kiko wapi. Wachezaji wanauliza. Swali la kwanza kabisa nililoulizwa kuhusu Njia lilitoka kwa jamaa anayefanya hesabu za duka la mbolea: "Sasa maze, hawa kobe wanakula nini? Na nani analipa?" Sikuwa na jibu. Tulikaa dakika arobaini tukitunga kodi ya majani. Leo kodi hiyo imezaa chama cha wakulima, mgomo mmoja na kesi ambayo haijaisha.

Hapo ndipo mtu anapaswa kuamua kama kweli anashiriki au anaonyesha tu. Mkanada Ed Greenwood alianza kuandika hadithi za ulimwengu wake akiwa mtoto, kabla Dungeons & Dragons haijazaliwa. Ulipotoka mwaka 1987 kwa jina la Forgotten Realms, waandishi wengine waliingia humo na hadithi zao. Huwa najiuliza alikuwa analala vipi. Yeye angalau alilipwa.

Katika Njia kuna mzee mmoja wa kobe anayeitwa Dereva. Hana jina lingine. Anavuta miguu kidogo, anaweka sukari nyingi kwenye chai, anasema "tutafika" hata kama kobe amegeuka chali. Wachezaji walimpenda siku ya kwanza na wakakataa kupanda kobe wa mtu mwingine. Sikuwaambia ni nani.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili wakafika Mizani. Kobe akaanza kuzama. Nikauliza, nani anaficha kitu? Wakafurahi, ni sehemu wanayoipenda, kila mmoja anatunga aibu ya mhusika wake. Mmoja aliiba kengele ya kijiji. Mmoja si mganga, alinunua mkoba tu. Wa tatu anampenda wa nne, na hapo tulipoteza robo saa kwa kelele. Lakini kobe alikuwa bado anazama, kwa sababu nilikuwa nimerusha dadu zangu chini ya meza na zikatoka tatu.

Dada mmoja anayeuza miwani pale River Road akaacha kutafuna njugu. "Si sisi," akasema. "Ni huyu mzee." Akanigeukia, yaani akamgeukia Dereva. "Mzee wetu, na wewe unaficha nini?"

Msimulizi akikwama kuna hila ya zamani: rudisha swali. Nikasema, "Nyinyi mnaonaje?"

"Ana mtoto kule Mwisho," akasema, na kuchukua njugu nyingine. "Msichana. Kila akifika anampelekea zawadi. Huku kwake hakuna anayejua."

Hakuna mtu katika chumba kile niliyewahi kumwambia. Kwenye mazishi ya Baba alikuja mama mmoja na msichana wa miaka kama saba, wakasimama nyuma ya hema, upande wa sufuria. Msichana alikuwa na paji la uso letu, lile pana, lenye mstari. Hakuna aliyewatambulisha. Shangazi aliwapelekea soda mbili, na kabla ya jua kuzama walikuwa wameondoka. Walitoka Malaba. Hilo nalo nililisikia jikoni, kwa watu waliodhani nimelala.

Ningeweza kusema hapana. Msimulizi ana mamlaka hayo: hapana, si hilo, jaribuni tena. Wangetunga lingine, wale hawaishiwi. Nikasema, "Kobe anainuka." Wakashangilia, wakagonga meza. Nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Shida ni kwamba baada ya hapo walitaka kumwona huyo mtoto. Walimnunulia viatu. Walibishana namba. Na mimi, ninayejua jina la kila mto katika Njia, sikuweza kumpa hata sauti, kwa sababu nilichokuwa nacho kilikuwa paji la uso na chupa ya soda. Nikasema kobe amechoka, ameingiza kichwa. Jumamosi mbili tulicheza karata.

Shangazi alikuwa na nambari. Wakati wote huo alikuwa nayo. Nilipiga nikiwa nimesimama, kama mtu wa kuomba kazi. Nikajieleza, nikataja jina la Baba, kukawa kimya, kisha sauti nyembamba ikauliza: "Ni wewe ulichora kobe?"

Ana miaka 17 sasa, yuko shule ya kutwa. Baba alikuwa amebandika karatasi yangu moja ndani ya kichwa cha lori, na alipomuuliza ni nini alimwambia, ni dada yako amenichora nikienda kazini. Kwa hivyo yeye alinijua. Miaka yote hiyo yeye alinijua.

Nilimpigia picha kurasa zote za madaftari yale matatu, moja baada ya nyingine, nikamtumia kwa simu ya mama yake. Pasaka niliongea naye nikiwa Changamwe. Mama alisikia jina, akapunguza redio. Hajauliza kitu. Redio nayo hakuipandisha.

Siku hizi anaendesha Njia huko kwao, na wasichana sita wa darasa lake, baada ya masomo. Hawana dadu, wanaokota vikaratasi kwenye kikombe. Na ameibadilisha, si kidogo. Barabara inaanzia mpakani, na mji ule unaitwa Mwanzo. Bahari ni uvumi, mahali Dereva anakopotelea. Mizani si jini tena, ni mama wa chai anayeuliza maswali huku akipoza kikombe, na kwa kweli ni bora kuliko wangu, nimemwiba. Lakini alifuta kuchoka kwa kobe. Ile sheria niliyoipenda kuliko zote. Niliandika ujumbe mrefu wa kumtetea kobe wangu: uvivu wake, kupika, kusukana. Kabla sijautuma nikamuuliza tu, mbona?

Akajibu: "Kwetu kobe akichoka, Baba hafiki."

Niliufuta ule ujumbe.

Likizo ya Agosti tunataka makundi mawili yakutane katikati ya barabara, kwa simu, kobe wao na wetu. Wachezaji wangu wameshaanza kubishana nani ni mgeni na nani apishe. Ila kuna tatizo moja ambalo wote wameliona: Dereva hawezi kuwa juu ya kobe wawili. Usiku ule yuko wapi? Nilimwandikia kwamba kwetu yuko Mtito, ndivyo alivyosema kwenye simu. Yeye anasema kwao alisema yuko Salgaa. Tumebishana wiki nzima, kwa heshima, dada na dada. Tukakubaliana dadu ziamue, zile zangu mbili za ludo, lakini amekataa nizirushe mimi. Lazima zirushwe huko.

Zimeondoka jana usiku na basi la Malaba.