Daraja jembamba, balaa kubwa!

Wapenzi wa kuunda vita vya mezani, fikeni kwenye Daraja la Burnside, jirani na Sharpsburg, Maryland, Marekani. Mimi nilitinga na tepu mkononi. Matao matatu ya mawe, upana meta 3.6 hivi tu!

Hapo, Septemba 17, 1862, kwenye mapigano ya Antietam, askari kama 500 wa Georgia walijibanza kilimani wakawazuia maelfu wa Kaskazini hadi saa saba mchana.

Kwa kipimo cha 1:72, upana huo ni sentimeta 5. Wengine hulipanua ili vijiaskari vienee. Usithubutu! Wembamba ndio uliowaponza. Plasta ikiwa mbichi, chora mawe kwa msumari, halafu vijiaskari vibanane. Mtazamaji ataelewa mwenyewe.