Gita la Padri Mtaani Buyenzi

Mwaka 1985 Buyenzi ilijaa vitu vya mapadri. Serikali ya Burundi chini ya Kanali Jean-Baptiste Bagaza ilikuwa imegombana na Kanisa Katoliki, na wamisionari wa kigeni walikuwa wakinyimwa vibali vya kukaa, mmoja baada ya mwingine. Aliyeambiwa aondoke alibeba sanduku lake tu. Vilivyobaki viliangukia kwa wapishi, makatekista na madereva, kisha vikateremka hadi kwetu, mtaa wa Waislamu, ambako hakuna kitu kinachokosa mnunuzi: saa za ukutani, taipureta, viatu vya ngozi namba 45 ambavyo hakuna mguu wa Buyenzi uliovijaza. Siku moja likaja gita.

Lilitundikwa kwenye ukuta wa gereji jirani na kwetu, kati ya radieta na mkanda wa feni, katika mojawapo ya zile avenyu zetu zenye namba badala ya majina. Muuzaji alikuwa dereva wa misheni ambaye sasa hakuwa na misheni wala gari. Fundi alikuwa shemeji yake. Kichwani mwa gita pameandikwa Eko, kazi ya Italia, aina waliyoiita Ranger. Hilo halikumshangaza mtu, kwani mapadri wa shirika la Mtakatifu Fransisko Ksaveri, ambalo asili yake ni Parma, walikuwepo kwetu Burundi na hata ng'ambo ya mpaka, Uvira. Kilichotushangaza ni nyuzi. Zilikuwa kumi na mbili.

Sisi tulijua nyuzi sita. Wazee wengi wa Buyenzi asili yao ni Kongo, na walimtaja Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke kama vile wamezaliwa naye tumbo moja. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Mwenda alipiga kwa gumba na kidole cha shahada tu, na nyuzi sita zilimtosha kumfanya msikilizaji aape kwamba wapigaji ni wawili. Redioni tulimsikiliza Christophe Matata na orkestra Amabano, na huko nako nyuzi hazikuwa tatizo. Sasa kumi na mbili za nini? Fundi alikuwa na jibu: "Sita za kupiga, sita za spea." Maelezo hayo yalizunguka mtaa mzima kabla ya magharibi.

Dereva alijua zaidi, maana alikuwa amemsikia padri akilipiga miaka na miaka. Nyuzi hukaa jozi jozi, na kidole kimoja hubonyeza mbili kwa pamoja. Katika jozi mbili za sauti ya juu, nyuzi zote mbili hulia sawa. Katika nne zilizobaki, kila uzi mnene una mwenzake mwembamba unaolia oktavu nzima juu yake. Ndiyo maana hata mtu asiyejua kitu akipitisha kucha mara moja, chumba kinajaa. Mimi nilikuwa mtu huyo asiyejua kitu, na nilipitisha kucha kila dereva alipokwenda kusali.

Shida ni kwamba nyuzi zote hizo zikikazwa, zinaivuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 100. Gita lilikaa chini ya bati, katika joto la bonde la Rusizi, likiwa limekazwa vilevile padri alivyoliacha. Shingo ikapinda, nyuzi zikanyanyuka, kuzibonyeza ikawa adhabu. Magita mengi shingo zake zimegandishwa kwa gundi, na yakifika hapo kazi inakuwa kubwa. Hili shingo yake ilifungwa kwa skrubu, na Buyenzi kitu chenye skrubu hakijawahi kumshinda mtu. Fundi alilegeza nyuzi, akaifungua shingo kwa bisibisi ileile ya kabureta, akapachika kipande cha boksi la kiberiti kwenye kiungo, akakaza tena. Nyuzi zikashuka. Alionekana kama kakasirika kwamba kazi imeisha haraka hivyo.

Kilichomshinda ni uzi mmoja, ule mwembamba wa jozi ya tatu. Huo hukazwa juu kuliko hata uzi wa kwanza, kwa hiyo ndio hutangulia kukatika. Ulipokatika tukauliza madukani, tukaonyeshwa nailoni ya kuvulia samaki. Fundi akachambua waya wa breki ya baiskeli, akatoa unyuzi mmoja, akaufunga. Ulilia vizuri kabisa, kisha ukakatika na kumchana shavu.

Bei ilianzia faranga elfu kumi na tano. Kijana mmoja wa kwaya alikuja na nusu yake. Mpigaji wa baa moja ya Bwiza alitafuta tundu la kuchomekea waya wa spika, hakuliona, akaondoka. Nilimwomba baba. Alikataa, akasema si mambo ya dini, ni bei. Nadhani yalikuwa yote mawili.

Aliyelichukua alikuwa mzee wa Uvira, mfanyabiashara wa vitenge aliyepita njia ya Gatumba. Alikaa juu ya tairi, akashusha nyuzi zote sauti moja chini, kisha akaomba kalamu ya risasi na kipande cha tyubu. Akaifunga kalamu shingoni, nafasi ya pili: sauti ikarudi pale pale, na shingo ikapata nafuu. Akapiga kwa gumba na kidole cha shahada, Kikongo hasa, na watoto wakajaa mlangoni. Halafu akahesabu.

"Hizi kumi na moja."

"Kumi na mbili, mzee. Mmoja umekatika."

"Basi punguza bei ya huo mmoja."

"Lakini ndio mwembamba kuliko zote!"

"Ndiyo maana haupatikani."

Walibishana mpaka adhana ya alasiri, wakaafikiana elfu tisa. Fundi naye akadai ujira wa shingo. Dereva akasema shemeji hatozwi. Fundi akajibu kwamba shemeji hatozwi ushauri, skrubu zinatozwa, akachomoa faranga mia tano kabla noti hazijafika mfukoni.