Kabla Uunde Seva ya Nyumbani, Jiulize Ni Nini Hauwezi Kupakua Tena

Wasee, wengi wenu mmekuwa mkiniuliza ile boksi nyeusi inayoonekana nyuma yangu kwa video, kando ya ruta, ni ya nini. Ni seva. Iko na muvi, iko na muziki, na iko na karibu kila video nimewahi kushuti. Inakaa hapo mchana na usiku, na mtu yeyote kwa hii nyumba anaweza kuangalia kitu kwa simu ama kwa TV bila kula bando hata kidogo.

Leo nawaambia vile nilichagua vipande vyake. Naanza na makosa yangu, ju karibu kila mtu anayeniuliza anaanzia palepale nilianzia: "Niweke prosesa gani?" Hilo si swali la kwanza.

Desemba 2021 nilienda Ol Kalou kwa shosho nikamrekodi dakika 40. Alikuwa jikoni anamenya waru, ananipigia stori za vile alikutana na guka na vile walinunua ng'ombe wao wa kwanza. Akaniimbia nyimbo mbili za kubembeleza watoto, akicheka katikati ju alikuwa anasahau maneno. Niliweka ile video kwa diski yangu ya kubeba, nikasema nitaihariri nikipata time.

Mwaka uliofuata shosho akatuacha. Wiki ya mazishi nikaitoa ile diski, nikaichomeka kwa laptopu, ikaanza kulia tik, tik, tik. Fundi wa kwanza aliishika tu akatikisa kichwa. Wa pili alijaribu siku tatu, akanirudishia na pole. Kilichobaki ni sekunde 30 nilizokuwa nimeweka status ya WhatsApp, na hizo zipo ju sista yangu alikuwa amezihifadhi. Picha ina ukungu, na shosho anakatwa katikati ya sentensi.

Nikaapa hiyo haitanipata tena. Nikachanga elfu 50, na hapo ndio nikafanya kosa la pili. Niliandika listi ya mashine ya ndoto: prosesa mpya, RAM ya 32GB, kasha lenye taa za rangi. Pesa iliyobaki ilitosha diski moja ya 1TB. Nikamwonyesha binamu yangu, anafanya kazi ya mitandao. Akaisoma akacheka: "Bro, hii ni matatu haina viti."

Alikuwa sahihi. Seva ya nyumbani haifanyi kazi ngumu. Inahifadhi, inapeana. Kwa hivyo tukageuza listi, tukaanza na swali moja: ni nini hapa hauwezi kupakua tena? Muvi zinapatikana. Muziki unapatikana. Lakini video zangu na picha za familia, kama 1.3TB hivi, hazina kwingine. Hizo ndizo zikaamua kila kitu.

Kwanza, diski. Nilinunua moja mpya ya 4TB ya kukaa ndani ya seva, elfu 17, na ingine ya kubeba ya 2TB, elfu 8 na mia tano. Mpango wangu wa awali ulikuwa diski mbili sawa ndani ya boksi moja, zinakiliana zenyewe. Wanaiita RAID 1. Binamu akaniuliza, "Ukifuta faili kimakosa, si itafutika kwa zote mbili sekunde hiyo hiyo? Na mwizi akibeba boksi, ataacha diski moja?" RAID inakusaidia diski moja ikifa. Haikukingi na mkono wako, mwizi, moto ama chai iliyomwagika. Ndio maana ile ya 2TB haikai kwangu. Inakaa Nakuru kwa sista, na kila nikienda naisasisha. Mpiga picha Peter Krogh ndiye alieneza kanuni ya 3-2-1: nakala 3, kwa aina 2 za vifaa, na 1 iwe mbali na nyumbani. Ya tatu yangu iko mtandaoni, lakini ni zile video muhimu kabisa pekee, ju nafasi ya huko inalipiwa kila mwezi.

Ukienda kununua diski, uliza kama ni CMR ama SMR. SMR huandika data kwa mistari inayolaliana kama mabati ya paa. Ukitaka kubadilisha bati moja, lazima uinue na majirani zake, kwa hivyo kuandika kwingi kunakuwa polepole mno. Na usiamini jina la boksi pekee: mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa kwa kazi hii hii ya seva za nyumbani, zilikuwa SMR. Tafuta namba kamili ya modeli kabla utoe pesa.

Pia omba uione ikisomwa kwa CrystalDiskInfo hapo dukani. Kuna mahali mjini niliambiwa, "Boss, hii ni mpya kabisa." Tukaichomeka: saa 41,000 za kufanya kazi. Hiyo ni zaidi ya miaka minne na nusu bila kuzimwa. Nikasema asante nikaondoka.

Mashine yenyewe ilikuja mwisho: kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini, Core i5 ya kizazi cha 8, RAM 8GB, na SSD ndogo ya kubeba mfumo. Elfu 19. Zile ndogo kabisa za ukubwa wa kitabu zilinivutia, lakini hazina nafasi ya diski ya inchi 3.5, kwa hivyo nikachukua saizi inayofuata. Prosesa hiyo ina kitengo chake cha video, na kinafungua HEVC bila jasho. Nimeweka OpenMediaVault na Jellyfin, zote za bure. RAM 8GB haijawahi kujaa.

Ikiwa imetulia inakula kama wati 20. Kwa mwezi hiyo ni kama yuniti 14 za tokeni. Mashine ya gemu inayokula wati 100 ingemaliza 72. Fanya hesabu ya stima kabla ubebe kitu ju ni kikubwa.

Elfu 5 na mia tano za mwisho nilinunua UPS ndogo. Haiwezi kukesha na giza kama la usiku wa Agosti 25, 2023, wakati karibu nchi nzima ilizimika. Kazi yake ni kupea seva dakika chache ijizime poa, badala ya kukatwa katikati ya kuandika faili. Kama hauna pesa ya UPS, laptopu ya zamani ni seva safi pia, mradi betri yake bado inashika chaji.

Hapo elfu 50 ikaisha. Hakuna hata taa moja ya rangi.

Mwaka huu nilirudi Ol Kalou nikamrekodi dada yake shosho, jikoni mule mule. Nikamwomba zile nyimbo. Mmoja anaujua, akauimba wote. Ule mwingine alijaribu mara mbili akanyamaza, akasema huo ulikuwa wa shosho. Tumeuliza kila mtu kwa familia na hakuna anayeukumbuka.

Usiku huo nilipofika nyumbani, video ilikuwa ndani ya seva kabla nivue viatu. Wikendi ikafika Nakuru.

Kwa hivyo kama bado unachanga pesa ya mashine, usingoje. Leo jioni chukua video moja ambayo hauwezi kurekodi tena, uiweke mahali pa pili. Hata flashi ya mia nane kwa droo ya mamako ni mwanzo.