Nzi Naye Ana Sifa Zake

Wahenga walinena kwamba ukifuata nyuki utakula asali. Nzi, kwa upande wake, waliachiwa kidonda, wakaambiwa kufia juu yake si haramu. Ndivyo lugha ilivyowagawia wadudu hawa daraja: nyuki mhisani, nzi mchafuzi. Hata hivyo, ipo pwani ambako mgao huo haufai.

Pwani hiyo ni ya magharibi mwa Afrika Kusini, kandokando ya Bahari ya Atlantiki, kutoka viunga vya Cape Town hadi Namaqualand. Mvua ni haba, nayo hunyesha majira ya baridi. Kisha hufuata kiangazi kirefu. Baina ya majira hayo mchanga huvikwa maua kwa muda mfupi, na kila ua huhitaji mchukuzi wa chavua kabla ya jua kulikausha.

Miongoni mwa wachukuzi hao yumo nzi aitwaye Moegistorhynchus longirostris. Mrija wake wa kufyonzea huweza kuzidi milimita 70, ilhali mwili wake haufikii nusu ya urefu huo. Hawezi kuukunja, arukapo huuning'iniza chini ya tumbo. Ua la Lapeirousia anceps, ambalo ni la jamii ya airisi, huficha maji yake matamu mwishoni mwa neli nyembamba ambayo ulimi wa nyuki haufiki. Utafiti wa Anton Pauw na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 2009, ulibainisha kwamba palipo na nzi wenye mirija mirefu, neli nazo ni ndefu; palipo na mirija mifupi, neli ni fupi.

Si kwamba maua yote humlipa nzi ujira wake. Okidi iitwayo Disa draconis haina maji matamu hata tone. Humlaghai kwa umbo tu. Huko Namaqualand, ua la Gorteria diffusa lina madoa meusi yafananayo na nzi jike. Dume la nzi mwingine, Megapalpus capensis, huyarukia likidhani limepata mwenzi, likaondoka na chavua mwilini.

Hatari ni kwamba mimea kadhaa humtegemea mdudu mmoja asiye na badala. Sehemu kubwa ya ardhi yao imelimwa ngano au kujengwa nyumba. Isitoshe, mabuu ya nzi wa ukoo wa Moegistorhynchus waliokwisha kuchunguzwa hukulia ndani ya wadudu wengine, kama vile panzi. Kwa hiyo kulizungushia ua la porini seng'enge hakutoshi. Nzi akitoweka, ua litaendelea kuchanua na kupendeza macho, bali halitaacha mbegu.

Anayetaka maua hayo yadumu hana budi kumtunza nzi, panzi, na mchanga uwalishao wote. Lugha iliyompa nyuki methali ya heshima haitapungukiwa ikimpa nzi naye moja.