Safari ya Ziwa Hazen

Mtu akiitandaza ramani ya Kanada mezani na kukipeleka kidole chake juu, juu tena, kupita misitu, kupita mahali ambapo miti hukoma, kupita bahari iliyojaa visiwa kama vigae vya chungu kilichovunjika, mwisho atafika kisiwa cha Ellesmere. Na karibu na ncha ya kisiwa hicho ataona utepe wa buluu, urefu wake kiasi cha kilomita 70. Hilo ndilo Ziwa Hazen. Limelala karibu na latitudo ya nyuzi 82, na kutoka hapo mpaka ncha ya dunia hazisalii kilomita 1,000. Kwa wingi wa maji yake lahesabiwa kuwa kubwa kupita maziwa yote yaliyo ndani ya mzingo wa Aktiki. Kina chake chapita mita 260, na katika maji yote hayo mna samaki wa aina moja tu, ndugu wa trauti na samoni.

Watu huuliza mtu aende kutafuta nini huko. Swali ni la haki, wala jibu si gumu. Nchi ya tundra haina miti; ardhi yake chini ni barafu ya daima, na kiangazi huyeyuka ngozi ya juu tu. Mti ulio mrefu wa huko hukifikia kifundo cha mguu wa mtu. Mvua na theluji inyeshayo mwaka mzima ni haba kuliko ya majangwa mengi. Walakini bonde la Hazen limekingwa na milima pande zake, na jua la kiangazi halichwi tangu katikati ya Aprili hata mwisho wa Agosti; basi bondeni humo huota nyasi na maua, sungura weupe hukusanyika makundi makundi, na wanyama wenye umbo la nyati mdogo na manyoya yaburuzayo, ambao Wazungu huwaita ng'ombe wa miski, hulisha bila haraka. Mbwa mwitu wa huko hawakujifunza kumwogopa mwanadamu. Humkaribia wakamtazama, kisha wakaenda zao. Mwenye moyo wa kupenda mambo ya dunia hahitaji kushawishiwa zaidi.

Katika maandishi ya Kiswahili yumo msafiri wa zamani aliyeionja baridi ya kaskazini, naye ni Salim bin Abakari, Mngazija, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani hata Urusi na Siberia mwaka wa 1896. Habari zake zilichapishwa na Carl Velten mwaka wa 1901 katika kitabu cha safari za Waswahili. Hakufika pwani ya Bahari ya Aktiki. Lakini ni faraja kujua kwamba lugha hii ilikwisha kutembea juu ya theluji kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Yafaa kukumbuka pia kwamba safari ile haikupangwa na yeye aliyeisimulia.

Maana kupanga ndilo jambo lenyewe. Msafiri wa nchi zenye vijiji aweza kupanga kwenda tu, na kurudi kukajipanga kwenyewe: akichelewa atalala kwa mwenyeji, akiishiwa ataomba, akipotea ataelekezwa. Tundra haina mwenyeji. Kwa hiyo anayekusudia kwenda Ziwa Hazen hulazimika kuianza safari kwa mwisho wake. Swali lake la kwanza si atafikaje, bali ni nani atakayekuja kumchukua, siku gani, kwa chombo gani, na itakuwaje chombo hicho kisipotokea. Mpaka swali hilo lijibiwe, orodha ya nguo na viatu ni mchezo wa watoto.

Yako masikitiko makubwa yaliyolifundisha jambo hili. Mwezi wa Agosti 1881 meli iitwayo Proteus iliwashusha askari wa Marekani katika pwani ya mashariki ya Ellesmere, chini ya amri ya Adolphus Greely. Waliobaki nchi kavu walikuwa watu 25. Kazi yao ilikuwa kupima hali ya hewa na nguvu ya sumaku ya dunia, ikiwa ni sehemu ya juhudi ya mataifa kadhaa katika Mwaka wa kwanza wa Kimataifa wa Ncha za Dunia, 1882 hata 1883. Wakajenga nyumba, wakaiita Fort Conger. Katika mwaka wa 1882 Greely aliingia bara kwa miguu, akaliona ziwa lingali limefunikwa barafu, akalipa jina la mkubwa wake, Jenerali Hazen. Kiangazi alirudi kulitazama tena. Kando ya mto Ruggles, utokao ziwani kwenda baharini, alikuta mabaki ya nyumba za watu waliotangulia. Na leo yajulikana kwamba watu walipita kaskazini ya Ellesmere takriban miaka 4,000 iliyopita. Neno la kuvumbua, basi, lastahili kutumiwa kwa haya kidogo.

Mpango wa Greely ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Meli ingekuja kiangazi cha 1882, na nyingine 1883. Kama zote mbili zingeshindwa, askari wangeondoka kwa mashua si zaidi ya tarehe 1 Septemba 1883, wakielekea kusini, na njiani wangekuta akiba za chakula zilizowekwa pwani kwa ajili yao. Nani angeweza kuutia kasoro mpango kama huo akiwa ameketi Washington? Meli ya 1882 ilizuiwa na barafu. Ikaacha akiba ndogo mahali pawili, kisha ikarudi Newfoundland na shehena iliyobaki. Proteus ilirudi mwaka wa 1883, ikabanwa na barafu mwezi wa Julai, ikazama. Greely hakuwa na njia ya kuzipata habari hizi. Alichokuwa nacho ni amri, akaitii. Tarehe 9 Agosti 1883 aliiacha Fort Conger, mahali ambapo katika miaka miwili hakufa mtu hata mmoja, akawapakia watu wake katika mashua wakaenda kutafuta chakula ambacho hakikuwapo.

Walifika karibu na rasi ya Sabine baada ya takriban wiki saba za kusukumwa na barafu huku na huku. Wakajenga kibanda cha mawe na mashua iliyopinduliwa, wakangoja. Miongoni mwao walikuwamo wawindaji wawili waliochukuliwa Greenland, Jens Edward na Frederik Christiansen, watu walioijua nchi ya baridi kuliko wakubwa wao na wasioulizwa neno katika mpango. Wote wawili walikufa mwezi wa Aprili 1884. Jens alizama akiwinda sili kwa mtumbwi wa ngozi, ili wenziwe wapate kula. Askari mmoja alipigwa risasi kwa amri ya Greely kwa kuiba chakula. Meli za wokozi zilipofika tarehe 22 Juni 1884, watu saba walikuwa wakipumua. Mmoja wao alikufa njiani, wakabaki sita.

Miaka kumi na mitano baadaye, Januari 1899, Robert Peary aliingia Fort Conger gizani na miguu yake imeganda. Vidole vingi vya miguu vikakatwa. Humo alikuta vyakula walivyoviacha watu wa Greely, na vingine vilikuwa vingali vyaliwa. Wawindaji wake walipata nyama katika bonde la Hazen. Wako waliosema tangu hapo kwamba kama Greely angalivunja amri akabaki, akala akiba yake na wanyama wa ziwani, huenda wengi wangalipona. Hoja hiyo haina uthibitisho, maana hakuna awezaye kuuishi msimu uliokwisha kupita. Lakini yaonyesha wapi ulipokuwa ugonjwa wa mpango ule. Haukukosa hesabu, ulikosa mtu wa kulipa ahadi ikivunjika. Aliyeahidi alikuwa mbali, ameshiba. Aliyeahidiwa alikula ngozi za viatu.

Ndege zilipokuja mambo yalibadilika. Mwaka wa 1957 wataalamu wa Kanada waliweka kambi ufukoni mwa ziwa, chini ya uongozi wa Geoffrey Hattersley-Smith, katika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, na baadhi yao wakakaa humo kupitia giza la karibu miezi minne. Siku hizi ziwa limo ndani ya hifadhi ya taifa ya Quttinirpaaq, katika jimbo la Nunavut. Msafiri hujiandikisha kwa wenye hifadhi kabla ya kwenda, husikiliza maonyo yao, na akirudi huwajulisha kwamba amerudi. Huruka mpaka kijiji cha Resolute, kilicho kusini ya ziwa kwa zaidi ya kilomita 800, na kutoka huko hukodi ndege ndogo yenye injini mbili iwezayo kutua juu ya changarawe. Gharama yake ni kubwa mno. Aghalabu watu hushirikiana ili kuigawa.

Kisha hesabu ndogo ndogo huanza, na hizi zataka uvumilivu. Mafuta ya jiko hayaruhusiwi katika ndege za abiria, kwa hiyo hununuliwa Resolute, na kuni hakuna. Dira haitegemewi, kwa kuwa ncha ya sumaku iko jirani mno na mshale huhangaika. Mwenye kwenda kwa miguu kutoka ghuba ya Tanquary mpaka ziwani, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, atavuka mito ya maji yatokayo chini ya barafu za milimani. Mito hiyo hupungua saa za usiku, ingawa usiku huo una jua, na mwenye busara hulala mchana ili avuke wakati huo. Hata ziwa lenyewe halishikiki kama zamani. Ilikuwapo miaka ambayo barafu yake haikuyeyuka yote kiangazi kizima. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 umeonyesha kwamba joto la dunia limeipunguza barafu hiyo, na maji ya barafu za milimani yanayoingia ziwani yameongezeka sana. Anayepanga kwa kufuata habari za babu zake atakuta maji alikotarajia daraja.

Yote hayo hukoma Resolute, maana huko msafiri hungoja. Ukungu hushuka, rubani hutazama mbingu akatikisa kichwa, na siku moja huwa tatu. Si vibaya katika kungoja huko mtu akajua yuko kwa nani. Kijiji hicho hakikuanza kwa hiari ya wakazi wake. Mwaka wa 1953 serikali ya Kanada ilizichukua jamaa za Wainuiti kutoka Inukjuak, kaskazini ya Quebec, ikazipakia katika meli C.D. Howe pamoja na jamaa chache za Pond Inlet, ikazishusha Resolute na pwani ya kusini ya Ellesmere hiyo hiyo, umbali wa kiasi cha kilomita 2,000 kutoka kwao. Wengine waliongezwa mwaka wa 1955. Waliambiwa kwamba kuna wanyama tele, na kwamba wasiporidhika watarudishwa baada ya miaka miwili. Hawakuambiwa kwamba watatenganishwa, ndugu huku na ndugu kule. Walilijua jambo hilo wakiwa melini. Kwao Inukjuak jua huchomoza kila siku ya mwaka. Huku walishukiwa na usiku wa miezi. Walipotaka kurudi, hapakuwa na meli kwa ajili yao.

Hapa hapana bahari iliyoganda ya kulaumiwa. Meli zilikuwapo, na zilipita kila kiangazi zikileta mizigo. Ahadi ilisahauliwa na wale ambao kuisahau hakukuwagharimu kitu, na kwa sababu hiyo msiba huu, usio na mashujaa wala vitabu vingi, wapaswa kuwekwa juu ya msiba wa Greely mizani inapopimwa. Baadhi ya watu hao na watoto wao walirejea kwao mwaka wa 1989, baada ya miaka thelathini na sita. Mwaka wa 1996 serikali iliwatengea fedha za fidia pasipo kuomba radhi. Radhi iliombwa Agosti 2010. Mwaka huo huo pakasimamishwa sanamu mbili za jiwe: Resolute, mwanamume peke yake, Grise Fiord, mwanamke na mtoto na mbwa. Kila moja imeelekezwa upande wa mwenzake, na kati yao ni bahari.

Ukungu ukifumuka, kazi huwa ya haraka. Kila kitu hupimwa uzito, na msafiri mwenyewe hupanda mizani pamoja na mizigo yake. Ikiwa uzito umezidi, hushushwa vitabu, hushushwa viti, hushushwa hata nguo. Mfuko wa chakula cha siku kumi za ziada haushushwi. Rubani na msafiri huandika tarehe ya kuchukuliwa, kila mtu katika daftari lake, na chini yake jina la mahali pa pili pa kutua, endapo kando ya ziwa hapatafaa. Kisha kila mmoja humsomea mwenzake alichokiandika.