Dhamana ya Breki

Gari lichukualo watoto wa madrasa yetu hapa Bariadi lilitengenezwa breki katika gereji moja, na fundi akatupa kwa mdomo dhamana ya miezi mitatu. Mwezi haujaisha, tukirudi kutoka Lamadi pamoja na watoto, breki zikalia chuma kwa chuma. Tulimwendea fundi kwa hasira. Akajibu kwa upole: "Maalim, dhamana yangu ni ya kazi, pedi mlinunua wenyewe dukani." Tukanyamaza, kwani alisema kweli, nasi hatukuwa tumeuliza.

Kila mwaka twasomesha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yaamrisha deni la muda liandikwe na kushuhudiwa. Lakini ahadi iliyobeba roho za watoto tuliiacha ipeperuke hewani.

Basi ulizeni: dhamana ni ya kazi tu, au na vifaa? Yaanza lini, yaisha lini? Kisha iandikwe katika stakabadhi. Na breki zikilia, simamisheni gari kwanza, madai yatangoja.

Pedi tumenunua nyingine, na safari hii karatasi tunayo. Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Amin.